Bega Likichomoka, Usikubali Livutwe!

Najua ukifungua ukurasa huu unategemea nikuletee habari za mapenzi, nani kamfumania nani na mama mkwe kasema nini. Mwezi huu naomba univumilie kidogo, nataka kuzungumzia bega. Ndiyo, bega hilihili unaloliegemea ukiwa na huzuni! Na usidhani nimeishiwa mada, maana bega moja tu la mwanaume limeipeleka ndoa yangu puta kwa miezi minne sasa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ufukweni hapa Dar. Baba Watoto na wenzake wana timu yao ya mchangani, watu wa miaka thelathini na kitu mpaka hamsini, wengine na vitambi vyao, na kila Jumamosi lazima wacheze bonanza halafu wanywe supu. Mie nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na watoto, nahariri makala kwenye simu, sina habari. Mume wangu ni kipa. Ukaja mpira wa juu upande wa kulia, akaruka mkono umenyooka, na mshambuliaji naye akauparamia ule mkono kwa kasi ukarudi nyuma. Nikasikia yowe. Jamani, nimezaa naye watoto wawili na sijawahi kumsikia akitoa sauti ile.

Nilipofika alikuwa amekaa mchangani, mkono wa kulia ameubeba kwa mkono wa kushoto, hataki mtu amguse. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba bega lake halikuwa na ule mviringo wake. Lilikuwa limekatika kama kona ya meza, na chini ya ile kona kuna bonde. Mkono umeachana kidogo na mwili, haushuki na haupandi.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza, kila mtu akawa daktari. "Limetoka hilo, mvuteni!" "Mlazeni chini, mmoja amkanyage kwapani!" Beki wao mmoja, mshikaji kabisa ambaye kila Idi anakula kwangu, akakaa chini na kisigino chake akakielekeza kwapani kwa mume wangu. "Shem, usiogope, hii nimeshafanya mara kibao." Na mimi nakuambia ukweli wote, msomaji wangu: nilikubali. Nilisema, "Basi mvuteni haraka, anaumia!" Nilishamshika na miguu ili asirushe mateke.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa anapita na wajukuu zake, kumbe ni nesi mstaafu. Alisimama akasema kwa sauti ya wodini, "Mnamvuta mtu, mnajua kilichovunjika ndani?" Kimya. Hakuna aliyekuwa anajua. Akapiga goti, akamshika mume wangu kifundo cha mkono kutafuta mapigo. Akamwambia achezeshe vidole. Halafu akampapasa upande wa nje wa mkono, juu kidogo, pale sajenti anapobandika V zake. "Baba, hapa unasikia?" Akajibu, "Nasikia kwa mbali, kama mtu ananigusa juu ya blanketi." Yule mama akanitazama mimi usoni. "Huyu ni wa hospitali, na ni sasa hivi."

Akachukua khanga yangu, akaikunja pembetatu, akaufunga mkono uleule ulivyokaa bila kuunyoosha, na taulo la mtoto akalikunja kulijaza pale kwapani. Akatuambia tuweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, tumvue pete na saa kabla mkono haujavimba, na asile wala kunywa kitu njiani, maana huenda wakahitaji kumpa dawa ya usingizi. Supu ikaishia hapo!

Sasa nikueleze kwa nini yule mama alikuwa sahihi na sisi wote tuliobaki tulikuwa mabaradhuli. Nimefanya kazi ya kuuliza maswali tangu nimalize chuo, kwa hiyo kila daktari na mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekaa mbele yangu miezi hii minne nimemkamua kisawasawa.

Bega ndilo kiungo kinachotuachia uhuru kuliko kiungo chochote mwilini. Unajikuna mgongoni, unasuka nywele, unadaka mpira. Lakini uhuru huo una gharama yake. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kile kisahani kinachokipokea ni kidogo na hakina kina, mfano wa chungwa lililokaa juu ya kisosi cha kikombe. Pembeni ya kisosi kuna ukingo wa gegedu unaoongeza kina kiduchu, halafu kuna kano na misuli inayolishikilia chungwa lisidondoke. Basi. Ndiyo maana karibu nusu ya viungo vikubwa vinavyochomoka na kuletwa hospitali ni bega. Na karibu mara zote, zaidi ya 95 katika 100, kichwa kinatokea mbele, hasa mkono ukiwa umeinuliwa na kupinduliwa nje, halafu ukasukumwa nyuma. Yaani vilevile alivyokuwa kipa wangu.

Pale kinapotokea mbele kuna majirani. Kuna neva inayozunguka shingo ya mfupa huo, ndiyo inayoamrisha ule msuli wa mviringo wa bega na kuipa ngozi ya nje hisia. Ikivutika, mtu anasikia ganzi palepale alipopapasa yule nesi. Kuna mshipa mkubwa wa damu unaopita kwapani, ambao huumia mara chache sana, zaidi kwa wazee, lakini ukiumia ni balaa. Halafu kuna mfupa wenyewe, ambao unaweza kuwa umechomoka na kuvunjika kwa wakati mmoja. Sasa chukua mtu wa aina hiyo umkanyage kwapani uvute kwa nguvu zako zote. Kipande kilichokuwa na ufa kinaweza kuachia kabisa, na neva iliyovutika kidogo inaweza kuvutika zaidi. Na baadaye hakuna atakayejua kama ganzi ililetwa na mpira au na kisigino cha shemeji.

Tukaenda hospitali ya kwanza, nisiitaje jina. Mashine ya eksirei mbovu, tangazo limebandikwa mlangoni kwa selotepu. Kijana wa mapokezi akatuambia tusubiri fundi. Tumsubiri fundi na mtu analia? Nikaita bajaji nyingine. Na hapa kuna jambo nililojifunza: kutokuvuta ufukweni si ruhusa ya kuzembea njiani. Kadiri bega linavyokaa nje, misuli inazidi kukakamaa na kulirudisha kunakuwa kugumu. Kwa hiyo haraka inatakiwa, ila iwe haraka ya kufika panapostahili.

Hospitali ya pili walitupokea vizuri. Daktari alikuwa kijana, sidhani kama amefika thelathini, na nikiri nilimtilia shaka. Alianza na maswali. Ulianguka vipi? Limewahi kutoka kabla? Una kifafa? Nikataka kumjibu vibaya, kifafa kinahusiana nini na mpira! Kumbe swali lina maana yake. Kuna mabega machache yanayotokea nyuma badala ya mbele, na hayo hupatikana sana kwa waliopata degedege au waliopigwa shoti ya umeme, maana misuli yote inajikaza kwa pamoja na iliyo na nguvu zaidi inaushinda mfupa. Mtu wa namna hiyo mkono unabaki umebandikwa tumboni, haugeuki nje hata umsihi vipi, na bega kwa kuliangalia tu linaweza kuonekana la kawaida. Ukipiga picha moja ya mbele unaweza kuambiwa hamna kitu, nenda nyumbani na dawa ya maumivu. Wengi wamezunguka nalo wiki nyingi wakikandwa maji ya moto. Kwa hiyo wewe msomaji, kama una ndugu wa kifafa ambaye bega "limeganda" baada ya degedege, ulizia picha ya upande wa pili.

Daktari akarudia yote aliyofanya yule nesi, mapigo, vidole, hisia, na safari hii akaandika kwenye faili. Nikamuuliza kwa nini anaandika kabla hajatibu. Akasema, "Dada, nikishalirudisha nitapima tena, lazima nijue nilimkuta na nini." Eksirei zikapigwa mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni. Akatuonyesha kwenye kioo. Hata mimi niliyesomea mawasiliano niliona: lile chungwa lilikuwa limeshuka chini na mbele ya kisosi chake, linaning'inia peke yake kama mtu aliyekosa daladala. Mfupa haukuvunjika kipande kikubwa. Alhamdulillah.

Nikajiandaa kwa vurugu, nikadhani sasa wataletwa wanaume wanne wamshike. Wapi! Daktari alimchoma sindano ya ganzi ndani ya kiungo chenyewe, pale penye bonde. Kuna wanaotumia dawa ya kulewesha kwenye mshipa, na kuna mahali inabidi, lakini hiyo inataka mtu wa kuangalia pumzi na muda mrefu zaidi wa kukaa hospitali. Mwaka 2011 wataalamu wa Cochrane walikusanya tafiti zilizolinganisha njia hizo mbili, na hawakuona tofauti ya maana katika kufanikiwa kulirudisha bega. Tukasubiri kama robo saa ganzi ikolee.

Halafu akamlaza chali, kiwiko akakikunja na kukisogeza karibu na mbavu, akaanza kuugeuza mkono kwenda nje taratibu, polepole mno, kama mtu anayefungua mlango usiku asiwaamshe watoto. Maumivu yakija anasimama. Yakipita anaendelea. Muda wote anamuuliza habari za Simba na Yanga! Nilikasirika, nikaona mtoto huyu hana adabu, mgonjwa anaumwa yeye anapiga stori. Kumbe ndiyo tiba yenyewe, mtu akilegea na misuli inalegea, na misuli ikilegea mfupa unapata njia. Baba Watoto alikuwa katikati ya kumlaumu refa tukasikia "kluk". Akanyamaza. Akaniangalia. Machozi yakamtoka, si ya maumivu, ya nafuu. Haikufika dakika kumi.

Sasa ile ya kisigino kwapani, daktari alicheka nilipomsimulia. Akasema shemeji yako hakuizua, inaitwa kwa jina la Hippocrates, mganga wa Wagiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Hata Misri ya kale kuna kaburi la wakati wa Ramesses II lenye mchoro unaofikiriwa kuonyesha mtu akirudishwa bega. Mswisi Theodor Kocher alitoa njia yake ya kuzungusha mkono mwaka 1870. Kuna ya kumlaza mtu kifudifudi mkono ukining'inia na uzito, na mwaka 2003 tabibu mmoja wa Australia, Neil Cunningham, alieleza namna ya kumkalisha mtu wima na kumkanda misuli mpaka bega lirudi lenyewe. Njia ziko nyingi, na daktari huchagua aliyoizoea. Ila hiyo ya kisigino siku hizi wameiweka kando kwa ajili ya ile neva. Na ile ya kwenye sinema, Mel Gibson anajibamiza ukutani katika Lethal Weapon 2 na bega linarudi, naomba iishie hukohuko kwenye sinema!

Baada ya hapo picha nyingine ikapigwa kuhakikisha limekaa, akapimwa tena hisia (ganzi ya pale kwenye V ilichukua kama wiki sita kuisha, na neva nyingi zilizovutika hivi hupona zenyewe kwa wiki au miezi), akavishwa kitambaa cha kubebea mkono shingoni, tukarudi nyumbani.

Wiki za mwanzo, nisikufiche, zilikuwa tamu. Mwanaume asiyeweza kufunga vifungo vya shati ni mwanaume mpole. Nilimuogesha, nikamkatia nyama, nikamlaza nusu kukaa na mito miwili, mmoja nyuma ya kiwiko ili mkono usiangukie nyuma usingizini. Na kwa kuwa najua mnataka kuuliza na mnaona aibu: ndiyo, inawezekana. Nilimuuliza daktari mwenyewe mbele ya mume wangu, nikaona anatazama viatu. Masharti ni mkono usiinuliwe juu wala kutupwa nje, na asijiegemeze juu yake. Mengine ni ubunifu wenu.

Nilikuwa nadhani mkono ukifungwa miezi miwili ndiyo utapona vizuri zaidi. Sivyo. Kwa walio chini ya miaka 30, tafiti zilizojumlishwa hazikuonyesha kwamba kufunga zaidi ya wiki moja kunazuia bega lisitoke tena. Wengi hupewa wiki moja mpaka tatu, halafu mazoezi. Mwenye umri mkubwa anatolewa mapema zaidi, maana bega lake likikaa tu linakakamaa. Na kwa hao wakubwa, wale maveterani wetu wa miaka 40 kwenda juu, kuna mtego mwingine: bega lao halitoki tena kirahisi kama la kijana, lakini kano za misuli inayoinua mkono hukatika siku ileile ya ajali. Kama bega limerudi, wiki mbili zimepita, na mtu bado hawezi kuinua mkono, usimwambie avumilie. Apigwe ultrasaundi au MRI, kano iliyokatika ikicheleweshwa inakuwa ngumu kushonwa.

Baba Watoto ana miaka 33. Alianza fiziotherapia vizuri. Kwanza kuzungusha mkono kama pendulo ya saa ya ukutani, baadaye mpira wa kuvuta, kuimarisha ile misuli midogo inayolishika chungwa kwenye kisosi na ile ya bapa la bega. Mtaalamu alimwambia wazi: wiki kumi na mbili, asirudi golini kabla. Wiki ya tano mkono ukawa hauumi, akaanza kuruka siku. Wiki ya saba akaacha. Nikimuuliza ananijibu, "Mke wangu, nimepona." Nikamwamini, mtu si ndiye mwenye bega lake?

Kumbe ndugu zangu!

Nilianza kuona vitu. Shati anavaa kwa kutanguliza mkono wa kulia, kama alivyofundishwa wiki ya kwanza. Mtoto akitaka abebwe juu ya mabega anaambiwa baba amechoka. Usiku anageukia ukutani, nikimgusa bega anashtuka kama nimemchoma. Mpenzi msomaji, mimi ni mhariri wa ukurasa wa mahusiano, unadhani nilifikiria nini? Nilifikiria kuna mwanamke! Nililala macho siku tatu. Nilipekua simu yake, ndiyo, mimi ambaye nimeandika hapahapa mara ngapi kwamba kupekua simu ni ushamba. Na nikakuta. Sikukuta mwanamke. Nilikuta ujumbe wa yule beki: "Mzee vp bega? Usimwambie shem tulilivuta tena, atatuua."

Tena! Yaani mara ya pili, na alikuwa amerudi golini wiki ya nane akiniaga anakwenda kwenye kikao cha harusi. Lilichomoka akirusha mpira kwa mkono, hakuna hata aliyemgusa. Na safari hii hapakuwa na nesi wa kupita njia.

Nilimwekea simu mezani, sikupiga kelele. Aliniambia, akitazama chini, "Niliogopa utanikataza. Halafu watu wangesema bega limemshinda, mzee huyo." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kitu kilichotoka siku ile si mfupa peke yake. Mwanaume aliyezoea kuwa ndiye anayebeba gunia la mchele na maji ya mama yake, unamwambia mkono wake wa kulia si wa kuaminika. Nilikuwa na hasira na bado nilimhurumia, vyote kwa pamoja.

Wala si ajabu kwamba lilitoka tena. Edinburgh, huko Uskochi, walifuatilia watu 252 wa miaka 15 mpaka 35 waliochomoka bega mara ya kwanza na kutibiwa bila upasuaji. Ndani ya miaka miwili zaidi ya nusu walikuwa na bega lisilotulia, na kufika mwaka wa tano ni kama theluthi mbili. Vijana wa kiume ndio walioongoza. Sababu ni kwamba linapochomoka, ule ukingo wa gegedu hubanduka kwenye kisosi, jeraha ambalo mpasuaji wa London, Bankart, alilieleza mwaka 1923. Na kichwa cha mfupa nacho hujibonyeza kwenye makali ya kisosi kikapata mbonyeo, ambao madaktari wa eksirei wa San Francisco, Hill na Sachs, waliuandika mwaka 1940. Kila likitoka tena, ukingo unazidi kuachia na mbonyeo unazidi kuongezeka, mpaka kisosi chenyewe kinalika. Kuna watu bega linatoka wakijifunika shuka.

Wapenzi wa mpira mnamjua Jude Bellingham. Alichomoka bega la kushoto Novemba 2023 akiichezea Real Madrid dhidi ya Rayo Vallecano. Akacheza na bega limefungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na mwishowe Julai 2025 akafanyiwa upasuaji, kwa kuwa lilikuwa linajirudia. Huyo ana madaktari wanaomfuata mpaka chooni. Kipa wangu ana beki mwenye kisigino.

Tulikwenda kwa daktari bingwa wa mifupa, wawili, nimemshika mkono ule mzima. Bingwa alimlaza, akauinua mkono kwenda nje na kuugeuza nyuma polepole, huku hamwangalii bega, anamwangalia uso. Mume wangu akakunja sura na kuudaka mkono wa daktari. Hakuwa na maumivu, alikuwa na woga, mwili wenyewe ulijua linataka kutoka. Hicho nacho ni kipimo, kumbe. MRI ikaonyesha ukingo umebanduka mbele, mbonyeo upo lakini mdogo, mfupa wa kisosi haujalika sana.

Tukaelezwa bila kutishwa. Anaweza kuendelea na mazoezi peke yake, akaacha kudaka, akaishi kwa kuchunga. Wapo wanaoishi hivyo vizuri tu. Au ukingo ushonwe mahali pake kwa matundu madogo na kamera. Kama mfupa ungekuwa umelika, ingebidi kuhamisha kipande cha mfupa kutoka hapo jirani, njia ya Mfaransa Latarjet ya mwaka 1954. Upasuaji una hatari zake, maambukizi, bega kukakamaa, neva, na hata baada ya kushonwa linaweza kutoka tena. Mkono utabebwa shingoni kama wiki nne mpaka sita, na golini si kabla ya miezi kama sita. Akamuuliza mume wangu swali ambalo mimi sikuwahi kumuuliza: "Kaka, kudaka kwako kuna thamani gani?"

Tuliondoka bila kujibu. Tulibishana kwenye gari, tukabishana jikoni. Mimi nilitaka aache mpira, nisiseme uongo. Nilihesabu ada za shule, nikahesabu miezi ambayo nitaendesha gari mimi. Yeye alikaa kimya siku mbili, halafu usiku akasema, "Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo siwi baba wa mtu wala mfanyakazi wa mtu." Sikuwa na jibu la kumpa. Mimi nina ukurasa huu, yeye ana goli lile.

Basi ameamua kushonwa, na mimi nimekubali. Bima ya kazini kwake italipa sehemu, iliyobaki tumejipanga. Tarehe ni Jumanne ya wiki ya pili ya mwezi ujao. Sharti langu ni moja, na nimemwandikisha kwenye karatasi kama mkataba: wiki zote za fiziotherapia atazimaliza, na mimi nitakuwa nakwenda naye. Yule beki amekuja kuomba radhi na kuku wawili, nimewapokea kuku, radhi bado naifikiria.

Jumamosi iliyopita tulikwenda ufukweni wote. Baba Watoto alikaa kwenye mkeka na watoto, mkono kifuani. Timu haikuwa na kipa, wakaanza kuniangalia mimi kwa macho ya "shem, vipi?" Nikafunga khanga kiunoni nikasimama golini. Dakika kumi, nikafungwa manne. Nilipogeuka nikamwona anacheka mpaka anajishika bega, na mimi nikampigia kelele kutoka golini: "We! Taratibu!"

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.